Yadi Kumi za Bafta

"Sema! Sema hapa hapa watu wasikie, ile bafta ilikwenda wapi?"

Tasnim alikuwa amesimama katikati ya kichochoro, mtandio umemwanguka mabegani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mbele yake jirani Bilkis ameushika mlango wake nusu wazi nusu umefungwa, kama mtu anayezuia kuku wasitoke nje.

"Bafta gani, shemeji? Mimi sina habari na bafta."

"Huna habari! Mama yako amezikwa na nini basi, magazeti?"

Juu ya mapaa wanawake waliacha kuanika nguo. Katika mtaa ule ugomvi hausikilizwi kwa kujificha. Unasikilizwa kwa adabu, watu wamekaa, na mwenye chai huja na chai yake.

"Mama alikuwa na sanda yake mwenyewe," Bilkis alisema kwa sauti ya kufika mapaani. "Ilitoka Maka. Imelowekwa maji ya zamzam. Miaka yote ilikuwa sandukuni."

"Jamani sikilizeni! Mai Sardaran alikuwa na sanda ya Maka!" Tasnim alipiga kofi moja kubwa. "Bibi aliyekuwa akiazima sindano kwangu!"

Mtu alicheka juu, akajizuia.

"Usiku ule nani alinigongea mlango? Hukulia hapa, shemeji mama amekwenda, na joto hili maiti hangoji, sina hata kitambaa cha kumfunga kidevu? Hukusema, kaka Manzur tufanyie maarifa? Leo mume wangu yuko rumande, wewe umepata sanda ya Maka!"

"Nilimwambia alete kitambaa. Nilimwambia afungue duka la mtu?"

"Ulidhani kinaota juu ya mti?"

Bilkis aliuacha mlango. Alimsogelea mwenzake mpaka Tasnim akaisikia harufu ya ubani kwenye nguo zake, ubani wa matanga.

"Shemeji," alinong'ona, "afande alikuja jana. Aliniuliza kaburi la mama ni lipi. Akasema mali ya wizi lazima ionekane, popote ilipo. Umesikia? Popote ilipo."

Akarudi ndani. Komeo likalia.

Tasnim alibaki pale na kiatu chake kimoja. Kilichomchoma si uongo wa Bilkis. Ni kwamba kila aliyekuwa juu ya paa aliujua ukweli, na kila mmoja ghafla alikuwa na nguo ya kugeuza.

Maana enzi za marehemu Haji Rafik, ufunguo wa duka la vitambaa ulikuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa msikiti. Kifo hakifuati saa za duka. Mwenye msiba wa usiku alichukua ufunguo, akapima bafta, akafunga, akaurudisha. Na bei haikutajwa mpaka dua ya siku ya tatu ipite, kwa sababu kumtajia maiti pesa kabla ya hapo ni kumfukuza. Haji alipokufa, wanawe waliliuza duka kwa Junaid, kijana wa Faisalabad, aliyekuja na vioo, kamera, na kufuli jipya kubwa kama ngumi. Ya ufunguo wa msikitini hakuna aliyemweleza. Usiku wa msiba walimpigia simu, ikawa imezimwa. Manzur ni fundi makufuli. Alilifungua bila hata kulikwaruza, akakata yadi kumi, akalifunga tena, akanyamaza siku tatu kama desturi inavyotaka. Siku ya tatu alitoka kwenye dua na pesa ya bafta mfukoni, anakwenda kumlipa Junaid. Polisi walimdaka mlangoni. Na zile pesa wakaziandika kuwa ni za duka.

*

Kituoni ilibidi kwanza Tasnim atoe rupia mia tano, kwa kuwa mafuta ya pikipiki ya upelelezi, karani alimwambia, hayashuki kutoka mbinguni. Kisha mia mbili za karatasi. Kisha akaambiwa asubiri kwenye benchi, yeye na kifurushi chake cha chakula, na kila askari aliyepita alikifungua akanusa.

"Biringanya," mmoja alimwambia mwenzake. "Mke wa mwizi anapika vizuri."

Afande Riazi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya muuza manukato. Upole wake ndio uliomtisha Tasnim.

"Karibu, dada. Kaa. Utakunywa chai?"

"Hapana, afande."

"Kunywa. Ina maziwa."

Mezani vyuma vya Manzur vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa, kila kimoja na namba yake: nyaya zilizokunjwa, tupa, shada la funguo zisizo na meno. Tasnim alivijua kama anavyojua vijiko vyake.

"Vifaa vya kuvunjia," alisema Riazi.

"Ni vya kazi, afande. Hata kabati la hapa kituoni alilifungua yeye, mlipopoteza ufunguo."

"Ndiyo maana naujua mkono wake ulivyo mwepesi." Akamgeuzia simu. "Tazama."

Picha ilikuwa ya kijivu. Mlango wa chuma ulipanda, Manzur akaingia akiwa ameinama, akavua viatu. Alivua viatu! Akashusha jora moja la bafta, akalipima kwa mkono, kutoka kidole hadi bega, mara kwa mara. Akakata. Akayafagia manyuzi kwa kiganja na kuyatia mfukoni. Kisha alitoka, akafunga, akalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha limeshika. Tasnim aliziba mdomo. Hivyo ndivyo anavyoufunga mlango wao wenyewe kila siku, akivuta mara mbili, naye kila siku akimwambia, umeshika, baba, njoo ulale.

"Huyu si mwizi, afande. Mwizi hafagii."

"Mwizi mzoefu hafichi nyayo?" Riazi aliichukua simu taratibu. "Mlalamikaji anasema majora kumi na mawili hayapo, na pesa za droo. Mumeo amekaa kimya siku tatu. Mtu mwema hunyamaza siku tatu?"

"Ni desturi yetu. Wewe si mgeni hapa, unaijua."

"Naijua," alisema Riazi. "Lakini fomu haina nafasi ya desturi."

Manzur alikuwa nyuma ya nondo pamoja na watu wengine wanne. Ndevu zilikuwa zimeanza kumchafua uso. Alipokea chakula akakishika bila kukifungua.

"Umekula?" alimuuliza mkewe, kana kwamba mke ndiye aliyefungwa.

"Achana na kula. Wakili niliyemweka anataka maelezo kamili. Uliwaambia nini?"

Manzur alitazama huku na huku. "Nimewaambia niliuza."

"Umewaambia nini?"

"Kwa mtu nisiyemjua, pale stendi. Punguza sauti."

"Manzur, umeingiwa na wazimu?"

"Siku ya kwanza nilisema kweli. Riazi akaandika, akacheka, akasema vizuri, basi kesho tunakwenda na majembe." Alizishika nondo. Vidole vyake, vile vinavyosikia jino la kufuli kwa ndani, vilikuwa vikigonga chuma vyenyewe. "Nilimzika mimi, Tasnim. Mume wa Bilkis yuko Sharja, marehemu hakuwa na mtoto wa kiume. Nilishuka mimi kaburini nikamlaza kwa mikono hii. Nikawaonyeshe pa kufukua?"

"Watakufunga!"

"Usimlazimishe Bilkis kusema. Umesikia?"

Tasnim aliuvuta mtandio usoni. Asubuhi ile ile alikuwa amekwishamlazimisha, mbele ya mtaa mzima.

"Na mtoto wetu Sana, umemwambia niko wapi?"

"Nilimwambia uko kazini. Shuleni wamemwambia uko wapi."

*

Wakili Akhtar alikuwa na meza yake nje ya mahakama, chini ya bati, kati ya mpiga chapa na muuza juisi ya miwa. Alikuwa akila karanga. Ada yake alikuwa ameitaja tangu siku ya kwanza, bila kuinua macho. Ili kuipata Tasnim alikuwa amekwenda kwa wanawake wenzake wa upatu kuomba apewe zamu ya mwezi huu, nao walimkalisha, wakampa maji, wakampa pole, na mwenye kuushika upatu akamwambia, "Si kwamba hatukuamini, shoga. Ila mwezi ujao utalipa na nini?" Mwishowe aliuza feni. Sasa walikuwa wakilala uani kwa joto, yeye na binti yake, wakisikiliza kama pikipiki ya polisi inakuja.

"Kuingia jengo la mtu usiku, kwa kificho, kwa nia ya kuiba," wakili alisema, "hiyo ni mpaka miaka kumi na minne. Wizi ndani ya jengo linalotunza mali, hiyo ni mpaka saba. Faini juu yake. Na kwa kosa lenye uzito huo dhamana si haki yako. Unaomba, hakimu akipenda."

Tasnim aliisikia miaka ikimpanda miguuni kama maji ya mfereji. Sana alikuwa na miaka tisa. Baba yake angetoka amkute ameolewa, ana watoto wasiomjua.

"Yadi kumi, mheshimiwa. Miaka kumi na minne kwa yadi kumi?"

"Sheria haipimi kwa yadi, mama. Inapima nia. Mtu aliingia akitaka nini? Kesi yote iko hapo."

"Alitaka kumsitiri maiti."

"Basi maiti aje aseme." Wakili mwenyewe alishtuka kwa maneno yake, akaweka karanga chini. "Nisamehe. Namaanisha, aliyefiwa aseme."

"Akisema, naye si watamkamata?"

"Anayepokea mali huku akijua ni ya wizi, mpaka miaka mitatu. *Akijua*. Hilo neno moja naweza kulipigania. Lakini siwezi kumpigania mtu asiyekuja." Aliinama mbele. "Sasa sikia jambo kubwa zaidi. Hayo mumeo aliyowaambia polisi, kwamba ameuza, si ushahidi. Ya kituoni hubaki kituoni. Ila kesho atasimama mbele ya hakimu. Akiulizwa akarudia maneno hayo kwa kinywa chake, tumekwisha. Mwambie afunge mdomo."

"Nitamwambia saa ngapi? Hawataniruhusu kumwona tena."

"Basi muombe Mungu asiulizwe."

*

Kutoka pale alikwenda dukani. Junaid alikuwa akimfunulia bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake hariri nyekundu. Alimwona Tasnim, akameza mate, akaita aletewe kigoda nje ya kizingiti. Sio ndani. Nje, juani, wanunuzi wakimruka.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alisema alipotoka mwishowe. Alikuwa kijana mdogo kuliko alivyodhani, mashavu yana chunusi bado. "Lakini mtu amefungua duka langu usiku. Kufuli nililoambiwa halifunguki! Tangu siku ile silali. Pesa za kununulia duka ni za mkwe wangu, hazijafikisha hata mwaka."

"Tutakulipa bafta. Alikuwa anakuja kukulipa."

"Yadi kumi tu?"

"Hukuona kwenye kamera? Kuna jora hata moja alilobeba?"

Junaid aliangalia barabarani. Ng'ambo pale mbele ya mkahawa askari mmoja alikuwa akinywa chai, naye aliwanyanyulia kikombe.

"Mimi ni mgeni," Junaid alisema kwa sauti ndogo. "Niliambiwa kesi ya yadi kumi ni kichekesho, itatupwa. Niliambiwa, tia uzito kidogo, vinginevyo kesho watabeba duka zima. Nikatia sahihi."

"Nani alikuambia?"

"Mama, nenda."

"Mwanangu, nakuomba, sema ulivyokosea. Mimi ni kama mama yako."

"Nikigeuza maneno nitafungwa mimi, kwa taarifa ya uongo. Nilishauliza." Akamwinamia, na Tasnim akaona kwa mshangao kwamba kijana yule alikuwa akiogopa kumshinda yeye. "Nenda, mama. Anatutazama."

Shangazi mmoja alitoa kichwa nje. "Kaka, hii hariri ina bei gani, au mpaka tuje usiku?"

Wakacheka wote ndani. Tasnim alinyanyuka. Kigoda kilichukuliwa kabla hajamaliza kunyooka.

*

Nyumba za Tasnim na Bilkis zilitenganishwa na ukuta mmoja wa uani, mfupi hivi kwamba mtu akisimama juu ya ndoo anaona ya mwenzake. Jioni ile Tasnim alipanda ndoo. Bilkis alikuwa ameketi chini kando ya kitanda cha kamba cha mama yake, kimesimamishwa ukutani. Jiko lake lilikuwa baridi.

"Sikuja kugombana," alisema Tasnim.

Bilkis hakuinua uso.

"Manzur amewaambia polisi aliiuza ile bafta. Stendi. Kwa mtu asiyemjua."

Sasa uso uliinuka.

"Mbona aseme hivyo? Hakuiuza."

"Walimwambia watafukua."

Mahali fulani mtoto alikuwa akisoma jedwali la kuzidisha kwa sauti ya kulia.

"Kesho atapelekwa kwa hakimu," Tasnim aliendelea. Alitaka kusema mengine, alikuwa ameyapanga njia nzima: kwamba ni miaka kumi na minne, kwamba ana binti, kwamba mchoyo wa ukweli atakufa na kiu. Lakini alipomwona yule mwanamke amejikunja kando ya kitanda kitupu, maneno yote yakamwishia. "Akiulizwa, atasema aliuza. Namjua. Ameshika hapo, hatoki. Basi nimeona ujue."

Akashuka kwenye ndoo. Kisha akakaa juu ya ndoo ile.

*

Hakimu alikuwa kijana mwenye mafua. Kila baada ya sentensi alipenga kamasi kwenye leso, na faili likasogea mbele kidogo. Chumba kilijaa watu wa kesi za mifereji, za talaka, za mbuzi. Manzur aliingizwa, pingu moja na mtu aliyeiba transfoma, hivyo mmoja akijikuna wote wawili wanainua mkono.

Tasnim alikaa akiuma pindo la mtandio wake. Alijaribu kuyakamata macho ya mumewe amwashirie: nyamaza. Manzur alikuwa akiangalia kufuli la kabati la mahakama.

Wakili Akhtar alisema yake: mtu wa kazi, mtaa unamjua, kuna shaka juu ya nia. Riazi alisema yake kwa sauti ya manukato: kamera imeona, vifaa vimepatikana, mali haijaonekana, upelelezi unaendelea, dhamana ikitolewa mali itapotea kabisa. Junaid alikuwa mstari wa nyuma, jasho limemlowesha kola.

Hakimu alipekua. "Majora kumi na mawili," alisoma. "Fedha taslimu." Akapiga chafya. "Wewe. Fundi. Hicho kitambaa kiko wapi?"

Wakili aliruka. "Mheshimiwa, mteja wangu halazimiki..."

"Sijamlazimisha. Nimemuuliza. Akitaka atajibu."

Tasnim aliona mumewe akiyatoa macho kwenye kufuli la kabati. Aliliona jibu likija, kama mtu anavyoiona sahani ikiteleza mezani na mkono uko mbali.

"Mheshimiwa," Manzur alianza, "mimi niliki..."

"Usiseme, kaka Manzur!"

Sauti ilitoka mlangoni, kali, imepasuka katikati. Watu wote wakageuka, hata mwizi wa transfoma, aliyemvuta Manzur pamoja naye. Bilkis alikuwa amesimama na shela jeupe, viatu mkononi, hajui kama mahakamani mtu anavua au havui.

"Usiseme uongo kwa ajili yetu. Imevaliwa na mama yangu. Mama yangu amezikwa nayo. Mimi ndiye niliyemtuma."

Hakimu alishusha leso.

"Wewe ni nani, dada?"

"Binti wa Mai Sardaran. Aliyekufa." Alivibana viatu kifuani. "Hatukuwa na sanda. Zamani ufunguo ulikuwa msikitini. Nilimwambia kaka Manzur, fanya maarifa. Alipima mwenyewe, akakata, akanipa, nikashona mimi. Kama kuna kosa nifungeni. Ila kaburi msiliguse. Nawaomba kwa jina la Mola. Mama alikuwa na aibu sana, hata kwa daktari alikataa kufunua mkono."

"Nani amezungumzia kaburi?" hakimu aliuliza.

Bilkis hakuthubutu kunyoosha kidole. Hakuhitaji. Riazi alikuwa ameanza kuviangalia viatu vyake.

"Afande, kuna ombi la kufukua humu ndani ya faili?"

"Hakuna, mheshimiwa. Yalikuwa... ni maneno ya kawaida ya upelelezi."

"Ya kawaida." Hakimu alipenga. "Lete hiyo picha ya kamera."

Simu ilipelekwa mezani. Hakimu alitazama akiwa amekunja uso, kisha akairudisha nyuma, akatazama tena. Alipofika mahali pa kufagia manyuzi, nyusi zake zilipanda.

"Mlalamikaji yupo?"

Junaid alisimama akishika benchi la mbele.

"Naona mtu ametoka na kitambaa kimoja kwapani. Yale majora kumi na mawili aliyabeba kwa mkono gani?"

Kicheko kilipita chumbani. Junaid hakucheka, na Tasnim hakucheka.

"Labda... labda mengine yalipotea siku nyingine, mheshimiwa."

"Labda." Hakimu aliandika kwa muda mrefu, na kalamu yake ilikuwa sauti pekee. "Nia inahitaji kuchunguzwa zaidi. Dhamana imetolewa, mdhamini mmoja mwenye mali. Mashtaka yanaendelea. Huyu dada atatoa maelezo yake kwa polisi kesho, mbele ya wakili. Mlalamikaji atapitia upya orodha yake kabla hajaapa. Na ninyi," alimtazama Riazi, "mtu aliyelala alale. Kesi inayofuata."

Ilikwisha hivyo, kama mtu anayeita mgonjwa mwingine. Mwenye maziwa wa mtaani alikwenda kuweka hati ya kibanda chake dhamana, akinung'unika njia nzima kwamba Manzur akimkimbia atamkamua kama nyati. Tasnim alisimama akageuka nyuma. Bilkis alikuwa bado mlangoni, viatu mkononi, na watu wakimpita kwa kujibana kana kwamba ana moto.

*

Manzur alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Alioga, akaketi uani na binti yake mapajani, ingawa Sana alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa kupakatwa. Kila pikipiki ilipolia kichochoroni, wote watatu walinyamaza mpaka ipite. Junaid alikuwa amefunga duka mapema, walisema mapaani. Wengine walisema amekwenda kwao kumwuliza mkwe wake. Wengine, amekwenda kituoni. Mashtaka yalikuwa pale pale. Tarehe ilikuwa imepangwa. Miaka kumi na minne ilikuwa haijafutwa, imeahirishwa tu.

Tasnim aliwasha tanuri. Alibandika mkate wa kwanza ukutani mwake, akachochea dengu.

Mlango ulikuwa wazi. Bilkis alisimama nje ya kizingiti. Shela lake lilikuwa na vumbi la njia. Alirudi kwa miguu.

"Kaka Manzur," alisema. "Samahani. Nataka kuuliza neno moja tu, niende."

"Uliza, dada."

"Hakimu alisema aliyelala alale. Lakini hakuandika. Nilikuwa namwangalia karani, kalamu yake haikutikisika." Alilikaza shela shingoni. "Kesho naitwa kutoa maelezo. Nikishasema tena, na kuweka kidole gumba, hawatafukua? Kweli hawatafukua?"

Manzur alimshusha Sana mapajani. Alikuwa amefungua makufuli ya watu maisha yake yote, na kwa hili hakuwa na chuma. Alimtazama mkewe.

Pikipiki ililia kutoka upande wa barabara kubwa, ikakaribia, ikapunguza mwendo mbele ya msikiti. Wakasikiliza. Ikaondoka.

Tasnim alichomoa mkate kutoka tanurini, akaupiga viganjani kwa sababu ulikuwa wa moto, akauweka juu ya kitambaa. Alimtazama yule mwanamke pale mlangoni, uso umemwingia ndani, midomo imekauka. Tangu siku ile mama yake alipotolewa hakuna mtu wa mtaa aliyempelekea hata bakuli.

"Umekula lini wewe?"

Bilkis alifikiri. "Sikumbuki, shemeji."

"Sana, mpishe mama mkubwa mahali pa kukaa." Tasnim alisogeza sufuria ya dengu karibu na mkeka. "Kesho nitakwenda na wewe. Sasa vua viatu uingie ule, mkate unapoa."